Neno Aliloondoka Nalo Baba Habiba

Eldas, Wajir
Ijumaa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo! Mgongo wasemaje siku hizi? Kaseti ya sauti yako ilinifika kwa lori la mchele, nikaisikiliza mpaka betri zikaisha. Mimi mzima, alhamdulillahi, ingawa maji ya chumvi na vumbi la huku vyanitoa jasho. Lakini leo silii shida, Mama, nina furaha tele!

Juzi nilifundisha darasa la saba neno "mtazamo". Nikawaeleza: ni jinsi wewe mwenyewe unavyoliona jambo, mwenzako aweza kuliona vingine, na msigombane. Haya, tungeni sentensi. Wa kwanza: "Kwa mtazamo wa baba yangu, mvua imechelewa." Wa pili, kwa mtazamo wa babu. Wa tatu, wa ami. Darasa zima hakuna aliyesema "wangu"! Huku mdogo hatangulizi neno lake mbele ya wakubwa.

Jana akaja baba yake Habiba, mwanafunzi wangu hodari, kumtoa shule akachunge ngamia upande wa Tarbaj. Kaka mkubwa wa huyo baba ndiye aliyeamuru. Nikamsihi, wapi! Mara Habiba akasimama, macho chini, akamwambia baba yake kwa Kiswahili ili nami nisikie:

"Aabo, kwa mtazamo wangu, mimi nisome. Ngamia hata nikiwaita hawaji."

Mzee akanigeukia. "Mwalimu, hiyo neno ni tusi?"

"La, mzee. Ni neno la kila mtu. Hata wewe."

"Mimi?" Akashika ndevu. "Kwa hii mambo ya Habiba, hakuna mtu nauliza mimi."

"Basi mimi nakuuliza."

Akalijaribu lile neno. "Kwa mtasamo yangu, mtoto abaki. Nabeleka hiyo neno kwa kaka yangu."

Akaondoka peke yake, akilirudia njiani lisimponyoke. Jibu la kaka halijaja, tuombee dua. Lakini leo asubuhi nimewarudishia zoezi lile lile, na darasa zima limepiga kelele "wangu!", Habiba akiwashinda wote.

Nisalimie shangazi na mahamri yake, na shemeji fundi cherehani. Kaka naye msalimie sana. Kwenye kaseti ulisema ameamua uhamie kwake, uiache nyumba yako. Hukusema wewe wataka nini.

Kwa mtazamo wako, Mama?

Ni mimi mwanao ninayekuuliza,
Mwanaisha