Jumuiya Ilipokuja Kumwona Ngisi

Jumamosi, mwezi wa tatu. Mvua imekatika mchana, lakini upande wa Karema bado kumefunga. Nyumba inanukia uji wa ulezi, na sebuleni kuna viti vya plastiki ambavyo si vyangu.

Naandika nikiwa nimeshiba na nikiwa na deni la shukrani. Nieleze taratibu.

Wanaosoma ukurasa huu tangu zamani wanajua kwamba sebuleni kwangu, hapa Makanyagio, kuna tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake anaishi ngisi mmoja. Ni wa aina ndogo; sasa hivi ni mkubwa kama dole gumba, na hata akikomaa hatakuwa mkubwa sana. Kwa mgeni: ngisi ni ndugu wa pweza. Ana mikono minane mifupi inayozunguka mdomo, na mingine miwili mirefu anayoificha, ambayo huifyatua anapowinda. Ngozi yake hubadilika rangi kila anapobadili nia. Aliyeniletea ni mwanangu Sabina, ambaye anafanya kazi kwenye maabara ya viumbe wa bahari Dar es Salaam. Alipanda naye ndege, ndani ya mfuko wa maji uliojazwa oksijeni. Walikuwa wawili. Mwenzake hakumaliza wiki.

Watu huniuliza kwa nini mwanamke wa umri wangu afuge kiumbe wa bahari mkoani Katavi. Jibu langu ni fupi. Kabla ya ngisi, mimi na Sabina tulikuwa tunapigiana simu sikukuu. Sasa tunapigiana kila jioni. Yeye huanza na "Amekula?" na baada ya hapo tunaingia kwenye mengine, ambayo zamani hatukuwa na mlango wa kuyaingilia.

Baba Sabina, ambaye kazi yake iko Mishamo na huku anakuja kwa zamu, humwita ngisi "mpangaji".

Maji si tatizo kubwa. Nanunua ya kuchujwa, yale ya kunywa, nachanganya na chumvi ya unga ya tangi ambayo Sabina huituma, napima. Yakipungua kwa joto naongeza maji matupu, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Umeme ukikatika, pampu ina betri. Tatizo ni chakula. Ngisi mdogo hula kila siku, na anataka kinachotembea. Dereva mmoja wa pikapu ya dagaa huniletea ndoo yenye kamba wadogo wa ziwani, wakiwa hai. Hao ni wa maji baridi. Kwenye chumvi hawaishi muda mrefu. Ngisi hawapi hata huo muda mfupi.

Wiki hii mvua imeikata barabara ya Karema, anayoipita akitoka ziwani. Kamba wa mwisho aliliwa Jumatano.

Kwenye friza nilikuwa na kamba wa kugandishwa ambao Sabina aliniachia kwa ajili ya siku kama hizi. Nayeyusha, naosha, nampelekea. Anasogea, anatazama, anageuka. Alhamisi ilikuwa hivyo, na Ijumaa hivyo hivyo. Leo asubuhi nilimkuta amelala kwenye mchanga, amepauka, na yale mapezi yake ya pembeni ambayo kwa kawaida hayatulii yakicheza kivivu. Nikampigia Sabina.

"Mama, wa umri huo hana akiba mwilini," akasema. "Asipokula leo, kesho usiitegemee."

Hivyo tu. Mwanangu haongezi maneno, na nadhani najua alikoipata tabia hiyo.

Leo pia nilitakiwa niwe Katumba kikazi, kuripoti mkutano wa wakulima wa tumbaku. Nikampigia mhariri nikiwa uani. Nikamwambia: leo sitoki, nina mgonjwa ndani, hajala tangu Jumatano, na hali yake siipendi. Mhariri akasema pole sana, akakata.

Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa nikilifuta neno kama hilo, mgonjwa, kwenye habari za waandishi vijana. Mgonjwa gani? Nani? Anaumwa nini? Leo nimelitoa mwenyewe, bila maelezo, kwa sauti ya kutosha, huku Mama Devota, jirani yangu wa kushoto, akifua nguo upande wa pili wa ukuta.

Ukisema Makanyagio kwamba una mgonjwa, umealika.

Jumuiya yetu husali Jumamosi, nyumba kwa nyumba. Leo ilikuwa zamu ya nyumba nyingine. Wakaihamishia kwangu bila kuniuliza, kwa sababu anayeuguza haulizwi. Aliyetangulia ni Mama Devota mwenyewe, na sufuria ya uji imefungwa kwa kanga. Nyuma yake Mama Spesiosa, mzaliwa wa Katumba, mtu wa maneno, kamshika jogoo kwa miguu. Kisha mwenyekiti wetu, Mzee Kalolo, na rozari yake. Na wengine na viti kichwani, maana wanajua vyangu havitoshi.

"Pole kwa kuuguza, Mama Sabina," akasema Mzee Kalolo.

"Shikamoo, Mzee. Asante."

"Marahaba. Mgonjwa yuko chumba gani?"

Nimewahi kufokewa na wakubwa mbele ya umati na sikupepesa. Kwa swali hili nilitazama sakafu kwanza. Nikanyoosha mkono, nikaonyesha tangi.

Wakatazama tangi. Wakanitazama mimi. Wakarudi kwenye tangi.

"Huyu?" akauliza Mama Spesiosa.

"Huyu."

"Ndiye hajala tangu Jumatano?"

"Ndiye."

"Mama Sabina, nimemkimbiza jogoo wangu uwanja mzima kwa ajili ya huyu?"

Hapo sebule ikapasuka kwa kicheko. Jogoo naye akapiga mabawa. Aliyebaki hacheki ni Mama Devota, aliyesimama mlangoni na sufuria yake. Tangu tangi lije hajawahi kuvuka mlango ule. Huiona taa ya bluu dirishani jioni, na amekuwa akiwaambia watu, nusu utani, kwamba nimeleta jini la pwani likae mtaani bila kulipa kodi.

"Mimi niliwaambia nyie," akasema. "Lile lina macho ya mtu aliyedhulumiwa."

Niliwaomba radhi. Niliwaambia ukweli wote: kwamba nimekosea kusema, kwamba ni mnyama tu, kwamba wachukue uji na jogoo wao na wasinihesabie kosa. Nilitarajia waondoke wakinung'unika, na ningewaelewa. Jumamosi ni siku ya shamba na ya kufua.

Mzee Kalolo akavuta kiti. "Tumekuja kwa mgonjwa," akasema. "Mgonjwa yupo. Hajala. Sasa tunaondokaje?"

Akainama kwenye tangi, na kabla sijamzuia akagonga kioo kwa pete yake. "Hodi humu."

Ngisi akawa mweusi mara moja. Akaruka nyuma hadi kona ya mbali na kuacha wingu la wino katikati ya maji.

Nilichukua jagi nikauteka wino kabla haujasambaa. Mkono ulifanya kazi, lakini moyoni nilikuwa nimeanza kumwandikia Sabina ujumbe wa msiba. Mnyama mwenye njaa ya siku tatu hana nguvu za kupoteza kwa kuogopa. Niliwaomba wote warudi nyuma, wakae, wafunge pazia. Wakatii. Mzee Kalolo alikaa kama mtu aliyepewa kadi nyekundu.

Tukasubiri. Na watu wakikaa wanasubiri, wanashauriana. Mmoja akasema mgonjwa asiyekula apewe vya uchachu. Mwingine akataka uji uchujwe uwe mwepesi. Mzee Kalolo, kwa sauti ya chini, akasema huenda amefunga, maana hii ni Kwaresima.

"Mzee, Kwaresima watu wanaacha nyama wanakula samaki," akasema Mama Spesiosa. "Huyu anakataa vitu vya majini. Huyu ni mpagani."

Ngisi aliporudi kwenye rangi yake ya mchanga, nilijaribu tena. Nilimchoma kamba kwenye ncha ya kijiti cha mshikaki na kumshusha majini. Mkono wangu hautetemeki; nimeshika maikrofoni mahali pabaya kuliko hapa. Nilimfikisha kamba karibu na mdomo wake kabisa, nikamtikisa kidogo. Akageuka.

Mama Spesiosa akaniomba kijiti. Yeye ana njia ya mama aliyelea wengi: mtoto akigeuza uso, unamfuata na kijiko. Alimfuata ngisi kushoto, akamfuata kulia, mpaka ngisi akajibana ukutani. Nikamwomba aache.

"Amebaki Devota," akasema, akinirudishia kijiti.

"Mimi sitaki," akajibu Mama Devota kutoka mlangoni.

"Uji umeleta, mgonjwa humtaki. Umemletea nani uji?"

"Nimemletea binadamu!"

"Binadamu amekosekana. Njoo ushike kijiti, tusali, twende zetu."

Wote wakamsihi, nusu wakimcheka. Akaweka sufuria chini. Akakaza kanga kiunoni, akaja upandeupande, uso ukitazama tangi na miguu ikitazama mlango. Akashika kijiti kwa ncha kabisa, kama mtu anayeshika mkia wa nyoka, akakizamisha.

Mkono ulikuwa unatetemeka. Kijiti kikatetemeka. Kamba naye, aliyekufa zamani huko Dar, akaanza kutetemeka majini.

Ngisi akainuka kutoka kwenye mchanga.

"Mama yangu, ananiangalia."

"Usitoe," nikasema.

Mikono yake miwili ya mbele ikapanda juu, na mistari ya giza ikaanza kupita mwilini mwake kama vivuli vya mawingu shambani. Hiyo ni dalili nzuri. Ndivyo anavyofanya anapowinda. Kwa Mama Devota haikuwa nzuri hata kidogo. Akaanza Salamu Maria kwa pumzi, na huku akisali akawa anarudisha mkono nyuma, polepole, bila kukusudia. Kamba akarudi nyuma akitetemeka, mfano wa kitu kilichojua kinatafutwa.

Ile mikono mirefu ilitoka na kurudi kwa kasi ambayo jicho halikuipata. Kijiti kikabaki kitupu.

Amekula.

Vigelegele vilipigwa kabla sijasema shii. Ngisi hakujali. Alikuwa kwenye kona amemkumbatia kamba, rangi imerudi, mapezi yanacheza sawasawa. Mama Devota alisimama na kijiti hewani.

"Kimenivuta," akasema. "Nyie, kimenivuta!" Halafu akanigeukia. "Lete mwingine."

Wa pili alimchukua haraka kuliko wa kwanza.

Nimekaa kulitafakari hili jioni yote. Sabina alishaniambia kwamba kwa ngisi kitu kisichokimbia si chakula, na nilidhani nimeelewa. Nilikuwa namtikisa kamba kama mtu anayekoroga chai. Nimetumia miaka mingi kuufundisha mkono wangu usitetemeke, na leo utulivu huo ulikaribia kumuua mnyama mwenye njaa. Aliyemwokoa ni yule pekee chumbani aliyekuwa na hofu ya kweli.

Baada ya hapo tulisali. Mzee Kalolo aliombea mvua, akaombea barabara ya Karema, akakohoa, akaombea "na kiumbe huyu pia". Uji tuliunywa sisi, ukaisha. Jogoo alirudi nyumbani mzima, na Mama Spesiosa akatangaza kwamba huyo ndiye aliyepona kweli leo.

Sabina alipopiga nilisema amekula. Nikamsikia anavuta kamasi, kisha akauliza kwa sauti ya kazini ni nani aliyemlisha. Nikampa simu Mama Devota, aliyekuwa bado anaosha sufuria yake jikoni kwangu. Walizungumza muda mrefu kuliko mimi na Sabina tunavyozungumza. Nilisikia Mama Devota akimwelekeza mwanangu, mtaalamu wa maabara, namna ngisi anavyolishwa.

Mhariri nimemwambia ukweli. Akauliza kama nina picha. Sina.

Sijazoea kuandika shukrani. Hazina kichwa cha habari. Lakini nataka hii ibaki hapa. Watu hawa walibeba viti kichwani kwenye matope kwa ajili ya mgonjwa wasiyemjua jina. Walipomkuta ana mikono kumi, wakakaa. Hakuna aliyeniambia nimempotezea siku.

Kesho Mama Devota atakuja baada ya misa ya pili. Amejialika mwenyewe. Alipokuwa anaaga alisogea kwenye kioo, akainama, akamtazama ngisi kwa muda, na niliona mkono wake umetulia kabisa pembeni.

Namshukuru kwa moyo wote. Ninachoomba leo kabla ya kulala ni kimoja: asimzoee mapema.