Kompyuta ya Sebuleni

Jumatatu, 11 Agosti
Picha imeganda tena. Nacheza gemu la mpira mubashara kwenye chaneli yangu, naongoza mbili kwa moja, napiga penalti, kila kitu kikasimama. Watazamaji wakaondoka kama wameitwa chakula. Kompyuta imechoka, mimi sijachoka. Kesho Kariakoo.

Mama anaitaka sebule yake. Amenipa hadi Jumamosi, siku ya pambano langu na Yusufu wa Tanga. Mchezo ukikatika tena, mashine inatoka, na mimi naenda Bagamoyo kuuza vitambaa dukani kwa mjomba. Mama hasemi mara mbili.

Jumanne, 12 Agosti
Nimerudi nyumbani Mapinga na kadi mpya ya picha, RAM ya kuongeza kumbukumbu, na pawasaplai yenye nguvu ya kuzilisha umeme. Muuzaji aliniuliza kama nina fundi wa kuzifunga. Fundi nimesimama mbele yako, nikamwambia. Akacheka. Hapohapo nikamwomba apunguze bei.

Jumatano, 13 Agosti
Nimefungua boksi la kompyuta kwa bisibisi ya cherehani ya Mama. Jasho tele. Ikawaka mara ya kwanza! Majani ya uwanjani unaweza kuyahesabu. Mimi ni hatari.

Mama akafuta vumbi, akalirudishia boksi kitambaa chake. Kwetu kila kitu cha thamani kinavaa: runinga, friji, redio, hata mtungi wa gesi. Hiki amekidarizi mwenyewe, maua mekundu, kinashuka hadi chini pande zote.

Alhamisi, 14 Agosti
Imezimika. Si kuganda. Kuzimika kabisa, katikati ya mchezo. Nimekaza kila waya, nimewasha, ikazima tena. Nina hasira ya kung'ata meza. Nimeishuku kadi, nimeushuku umeme, nimemshuku yule muuzaji na kicheko chake. Yusufu ametuma pole. Pole zake akae nazo.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimejaribu tena baada ya swala. Safari hii kamera ilionyesha meza yote. Mtazamaji mmoja akaandika: "Dada Zuhura, hiyo kompyuta umeivisha shela, inaolewa?"

Nikacheka. Halafu nikageuka kuitazama. Nikatia mkono chini ya kitambaa: moto kama sufuria ya pilau. Kadi ya zamani ilivumilia. Hii inafanya kazi kubwa, inataka hewa. Wiki nzima nakitazama kitambaa hicho na sikioni. Mjinga mimi.

Kumwambia Mama ndiko kulikonitisha. Ni kama kumrudishia sahani bila kuonja. Sikutafuta maneno, nikaushika mkono wake nikauweka juu ya boksi. Akautoa upesi.

"Yaa Rabi, si itaungua!"

Akakivua mwenyewe, akakikunja taratibu, akakitia kabatini. Nilimwonea huruma.

Jumamosi, 16 Agosti
Yusufu amenifunga tatu kwa mbili, dakika ya mwisho. Inauma. Tutarudiana, na atajuta. Lakini mashine haikukohoa hata kidogo, na watazamaji walibaki hadi mwisho wakinitania. Mama alikaa nyuma yangu muda wote. Habari za duka la mjomba hakuzitaja.

Jumapili, 17 Agosti
Asubuhi tulivu. Nimekaa sakafuni nasafisha feni kwa brashi. Jirani yetu Mama Salma akapiga hodi, akaniulizia. Ana shughuli, anataka watu wa kumenya vitunguu. Kabla sijainuka nikamsikia Mama mlangoni:

"Zuhura yuko kazini, shoga. Nitakuja mimi."

Nikakaa. Nikaendelea na feni.