Kichupa Kilichosafiri kwa Barafu ya Samaki

Butembo, mtaa wa Furu
Tarehe 17 Mei 2025

Mpendwa kaka Maliro,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Liège, wewe na wifi Elikia, na kwamba baridi imewaachia masikio. Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo ukungu ukishuka, lakini bado anakwenda Musienene kulima. Ukimwambia apumzike, anakuuliza kama viazi vitajichimba vyenyewe.

Wasingya kutsibu, asante sana, kaka, mzigo umefika! Ila umepitia mikononi mwa shangazi Jokébed, kwa hiyo kaa chini kwanza.

Wewe ulikifunga kile kichupa cha kingamwili, kimiminika cha maabara cha kuonyesha protini ninayoitafuta, ndani ya sanduku jeupe lenye barafu tele. Shangazi alilipokea Kampala pamoja na bidhaa zake, akafanya wafanyavyo wafanyabiashara wetu wote: alitupa maboksi ili mzigo upungue. Viatu vikatoka, sufuria zikaingia ndani ya sufuria, na sanduku lako likabaki jalalani Kampala.

“Kavira, walikuibia,” aliniambia alipofika. “Mu carton kubwa vile, kitu ni hii tone moja tu? Ile carton nilitupa, ilikula place ya bure.”

Nililia, sikufichi, maana kingamwili ikipata joto huharibika. Mémoire yangu yote, tasnifu ya kuhitimu chuo, inaitegemea ile kinase, protini inayochochea seli za uvimbe wa titi, ugonjwa uliomchukua Mama. Nisipoweza kuionyesha, sina cha kutetea, na profesa alishasema hatasogeza tarehe tena.

“Mais hapana kulia!” Shangazi alishangaa kweli. “Si niliona picha ya barafu juu ya carton? Nilikitia mu thermos na barafu ya samaki. Kasindi nilibadilisha barafu, Beni nikabadilisha tena.”

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza, lakini shangazi yetu hutembea na tochi yake. Kichupa kilinuka samaki, ila kilikuwa baridi.

Jumatano nikajaribu. Nilizimua kingamwili, nikaimwaga juu ya utando wenye protini za seli, nikaosha, nikasubiri. Shangazi alikataa kwenda sokoni, akaketi maabarani na rozari yake. Mstari ukatokea, kaka! Mmoja, mweusi, mahali pake hasa, na kwenye seli zisizo na protini hiyo hapakuwa na kitu. Nilicheza mpaka mlinzi Ésaïe akaja kuchungulia.

Shangazi aliutazama muda mrefu. “Ni hii ilikuwa kwa mama yenu?”

Nilimwambia ukweli, kwamba hatutajua kamwe. Hakuna aliyempima, na hata hii yangu ni ya utafiti tu, bado haimpimi mgonjwa. Alifuta macho kwa kitenge chake. “Basi andika mbio,” akasema. “Banamuke ba hapa bamengoja sana.”

Baba, shangazi na mdogo wetu Jessica wanakusalimu sana. Mbusu mwanao Grady mdogo kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa mkono wake huko ugenini.

Natetea tarehe 12 Julai. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la Mama, na nitalisoma kwa sauti mbele ya majaji. Njoo, kaka, nisilisome peke yangu.

Dada yako akupendaye siku zote,
Kavira Victoire