Kikombe Ulichotuletea

Kasulu, 9 Juni 1974

Dada Pelagia,

Hatujambo, na maharage yamekomaa. Kikombe chako cha chuma kisichoshika kutu bado kinang'aa, ingawa kila mara Havyarimana, mkimbizi wa Burundi anayetulimia shamba, anapokinywea maji, mama hukisugua kwa mchanga mbele yake.

Mwalimu wa kemia alisema chuma hicho kina utando mwembamba usioonekana. Ukikwaruzwa, hewa huujenga upya papo hapo. Nilimweleza Havyarimana ili kumfariji. Akacheka, "Basi kimenizidi, mdogo wangu."

Jana alipomaliza kunywa alikisugua mwenyewe, akampa mama kwa mikono miwili. Nilidhani mama ataona haya.

"Bado," mama akasema. "Ongeza mchanga."

Mdogo wako akupendaye,
Kezia