Sahihi Yako, Fermín

Madrid, 9 Machi 1961

Mume wangu Fermín,

Sisi tu wazima. Nieves wetu ameota jino la pili, kamng'ata mama yako kidole. Huko Ujerumani baridi imepungua?

Ile nafasi ya filamu nimeipata! Sipiti tu nyuma ya watu, nacheza dada wa bwana harusi, ana maneno yake. Lakini mke wa mtu haajiriwi bila sahihi ya mumewe, na wiki tatu hujanijibu. Sijui ni posta au ni wewe. Mama yako anasema, "Mwanangu hatatia sahihi ili mkewe akabusiwe sinema nzima ikitazama."

"Mama, dada wa bwana harusi atabusiwa na nani? Padri?"

Akanisonya.

Leo karani wa kampuni kaniambia, "Bibi, karatasi sasa hivi, au nampa mwingine."

Fermín, nilitoka ofisini kwake, nikaandika jina lako kwa mkono wangu, nikamrudishia karatasi. Kampuni wamekuandikia kuuliza kama sahihi ni yako kweli. Ukikana, nitafungwa. Naomba barua hii iitangulie yao.

Kesho asubuhi naanza. Nywele nimeshakata kama walivyotaka, maana nakujua, utasema ndiyo.

Mkeo akupendaye,
Casilda