Mafuta ya Karai la Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Nimepewa jaribio langu mwenyewe! Miezi saba ya kuosha chupa, leo mkuu wa maabara kanikabidhi kazi ya kukusanya na kupima sampuli kumi za mafuta ya kukaangia. Nipime yameharibiwa kiasi gani na hewa na moto. Mafuta yakishikana na oksijeni hutengeneza kemikali ziitwazo peroksidi – mishipa na moyo havizipendi kabisa. Tisa nimekusanya mtaani na kwenye kantini yetu ya maabara. Ya kumi nimechota kwenye karai la shangazi, muuza chipsi. Kanionya nisije nikamwaibisha.

Jumatano, 6 Machi
Tone, tikisa. Tone, tikisa. Rangi ya bluu ikipotea, soma namba: matone mengi, peroksidi nyingi. Kantini yetu – juu sana, aibu! Ya shangazi? Matone mawili tu, bluu kwisha! Nikarudia mara tatu. Namba ya chini kuliko zote!

Sikuvumilia, nikampigia hapohapo. Vigelegele! Alisema yeye hamwagi mafuta ovyo, anaongezea tu juu ya yale yale. Mumewe akamnyang'anya simu. Tangu alipolazwa kwa moyo, daktari kamkataza vya kukaanga. Akaniuliza: sasa si naruhusiwa? Nikamwambia kidogo tu, mafuta ya shangazi hayana neno. Nalala kwa furaha.

Alhamisi, 7 Machi
Shangazi kabandika kibao: YAMEPIMWA MAABARA. Nimecheka hadi mbavu zinauma.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu kaweka kidole kwenye namba yangu. Mafuta haya yana umri gani? Sijui, nikasema, hayamwagwi, yanaongezewa tu. Akacheka. Peroksidi hazidumu, akasema. Zikipashwa moto mno huvunjika, namba inashuka, mafuta yanajifanya mapya kumbe ndiyo yameoza kabisa. Lo! Hilo nililijibu kwenye mtihani!

Kuna kipimo kingine, cha masalia ya kuvunjika huko. Unachemsha, na masalia yakiwepo, maji yanageuka rangi ya waridi. Tumefanya saa nane. Mirija tisa – waridi hafifu. Wa kumi – mwekundu wa kung'aa! Nikarukaruka kama mwehu. Tumenasa yote, kupanda na kushuka kwa peroksidi! Mkuu anataka ripoti yenye jina langu. Jina langu!

Halafu nikamkumbuka mzee, mume wa shangazi, na ruhusa niliyompa. Hili si la kusema kwenye simu; kesho naenda.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika chooni kwa shangazi, nimejifungia. Foleni imefika barabarani. Nilipotokea tu kanikumbatia mbele ya wateja: huyu ndiye mwanasayansi wangu! Shangazi, nina neno, nikasema. Subiri mwanangu, akasema, kwanza uone maajabu. Akanigeuza. Mzee kakaa mezani, shavu limetuna, sahani tupu mbele yake. Anasema tangu Jumatano hajakosa chipsi hata siku moja, na anajisikia kijana! Nikaomba choo.

Nitasema. Namwambia mzee kwanza au shangazi? Mbele ya foleni yote?

Shangazi anagonga mlango. Anauliza kama naumwa. Anasema mzee anaomba sahani ya pili, ila kakataa kuigusa mpaka mimi nimruhusu.