Samaki wa Chumvi na Macho ya Mama Mkwe

Bibi Odeta mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana moyo wangu hautulii. Mume wangu Maige anafanya kazi kwenye treni ya Dar, na sebuleni kwetu hapa Mkolani tuna sanduku la kioo la samaki wa baharini aliloachiwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao, maji yake ya chumvi Maige huyaleta kwa madumu, watu huja kushangaa tunakaa kando ya ziwa halafu tunafuga samaki ndani, tena hawaliwi. Juzijuzi akaleta samaki mpya wa bluu, mzuri ajabu, tukamtia humo humo na wenzake, na wiki hiyo hiyo mama mkwe akafika kutoka Magu, naye kila asubuhi huvuta kigoda akakaa kuwatazama, basi haikupita muda samaki wakaota vidoa vyeupe kama punje za chumvi, wanajikuna kwenye mawe, wanahema, wawili wamekufa. Bibi, macho ya mama ni mekundu. Nilimwambia jirani yangu mama Princess, kwa siri tu, "Tangu awatazame kwa macho yale, wanakufa," sasa mtaa mzima unajua, wanawake bombani wananyamaza mama akipita, na Maige amesema Jumamosi atamrudisha Magu ili kelele ziishe. Mama ameshafunga nguo zake kwenye kitenge. Nimwache aende?

Teodora, Mkolani

Marahaba, Teodora. Barua yako nimesomewa mara mbili, maana mara ya kwanza nilikasirika nikamwambia msomaji aache. Macho yangu nami ni mekundu. Nimepikia samadi na vijiti vya pamba tangu usichana, na moshi huo huo, jikoni kwa mama yake, ndio uliomlea Maige wako. Ungeniona, ungenikimbia?

Wageni wawili waliingia kwako wiki moja, mwanangu. Ukamshuku asiyelowa maji! Kuku mgeni hufungwa kando kwanza, apekuliwe utitiri, ndipo achanganywe. Huyo wa bluu mkamtosa moja kwa moja. Nimeulizia kwa mzee Otuoma, aliyefuga samaki kama hao Dar: vidoa hivyo ni wadudu wanaonyonya. Watoeni samaki wote, muwaweke kwenye beseni la maji mapya ya chumvi, na pampu yao ya hewa. Kila siku ya tatu wahamishieni beseni jingine lililokaushwa vizuri kisha likatiwa maji mapya ya chumvi, mara nne au tano, wadudu wabaki nyuma. Sanduku likae miezi miwili bila samaki. Sisi Wasukuma hilo tunalijua: malisho yakifungwa ng'ombe wasiingie, kupe hufa njaa.

Huenda wengine watakufa hata hivyo. Hao ni samaki. Lakini neno ulilomnong'oneza mama Princess litapanda gari la Magu pamoja na mama, lishuke kabla yake, na kule unajua vikongwe wanavyofanywa kwa neno hilo la uchawi. Hubishiwa hodi na panga. Akiondoka Jumamosi, kuondoka kwake ndiko kutakuwa ushahidi. Maige anataka kelele ziishe. Mwambie zitaishia juu ya kichwa cha mama yake.

Kwa hiyo haendi. Leo, kabla ya kushika beseni, nenda kwa mama Princess useme, "Nilisema uongo." Usiseme ulikosea, sema ulidanganya. Nenda na bombani, foleni ikiwa ndefu, urudie. Utaona haya. Haya haijaua mtu.

Ukirudi, fungua kile kitenge, mvutie mama kigoda, umweleze ulichofanya. Akikutukana, inama. Kisha mwonyeshe yule wa bluu, kwa sauti ya kuvuka ukuta: "Mama, mgeni aliyetuletea wadudu ni huyu."